Andika saa ambayo msafiri wa Kaniha ataielewa

Barua ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, na muhuri chini. Kijana wa jirani yangu hapa Kaniha, Biharamulo, aliisoma mara tatu, kisha akaja kunionyesha kwa furaha. Ilimwita kwenye usaili siku ya Alhamisi, na mstari wa saa ulisema hivi tu: "Time: 2:00".

Kijana yule amemaliza kidato cha nne na Kiingereza alikifaulu. Akapiga hesabu kama alivyofundishwa darasani: "2:00" ya Kiingereza ni saa nane ya Kiswahili, na kwa kuwa hakuna anayefanya usaili saa nane usiku, basi ni saa nane mchana. Mimi niliyekuwa pembeni niliona hesabu ile ni sahihi. Siku ilipofika akapanda bodaboda, akadandia gari la abiria barabara kuu, na saa saba na nusu mchana alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, vyeti vimo ndani ya bahasha ya kaki. Akakuta viti vinapangwa juu kwa juu. Usaili ulianza saa mbili asubuhi na ulikwisha kabla ya adhuhuri. Aliyeandika barua alikuwa ameandika maneno ya Kiingereza na saa ya Kiswahili.

Siitaji ofisi ile, kwa kuwa kosa lake nimelikuta katika ofisi nyingi, katika matangazo ya mikutano, katika barua za shule kwa wazazi na katika barua za maombi ya kazi ambazo vijana huniletea niwasahihishie. Nimeamua kuliandikia makala nzima kwa sababu wanaolipia ni watu wa mbali na mji, wanaotoka nyumbani gizani na kutumia nauli ambayo hawatarudishiwa. Tunaandika Kiingereza kila siku katika nchi hii. Shule zetu za sekondari hufundisha kwa lugha hiyo, na mashirika, benki na miradi huandikiana kwa lugha hiyo. Pamoja na hayo, jambo dogo kama kutaja wakati kwa uwazi na kwa maneno machache halifundishwi kwa uzito unaostahili. Tunamfundisha mtoto msamiati wa saa, halafu tunamwachia avuke peke yake kutoka saa yetu kwenda saa yao.

Kwanza tuondoe aibu isiyo na msingi. Wapo wanaodhani kwamba saa ya Kiswahili ni ya kienyeji na imepinda, na kwamba msomi anapaswa kuisahau. Saa yetu huanza kuhesabu mchana jua linapochomoza na usiku jua linapozama. Waethiopia nao huhesabu hivyo hivyo, na ng'ambo ya mto Kagera, Mnyarwanda akisema "saa mbili" za asubuhi anamaanisha saa ileile tunayoijua sisi. Warumi wa kale nao waliihesabu siku kuanzia mapambazuko, na ndiyo sababu msomaji wa Biblia ya Kiswahili hapati taabu na habari za Msalaba: anasoma saa sita, anasoma saa tisa, na anajua moja kwa moja jua lilikuwa wapi. Msomaji wa Kiingereza hana budi aelezwe kwamba saa tisa hiyo ni saa tatu yake ya alasiri.

Hata neno lao "noon", linalomaanisha adhuhuri, lilizaliwa katika hesabu kama yetu. Limetokana na neno la Kilatini "nona", yaani saa ya tisa, na zamani lilikuwa na maana ya alasiri, wakati wa sala. Katika karne za kati likasogea polepole hadi likatua katikati ya mchana. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kaniha anayeingia darasani na saa ya mapambazuko kichwani ameingia na hesabu kamili ya zamani, inayotumiwa na mamilioni ya watu. Anachohitaji ni kufundishwa kuvuka, na kuambiwa kwamba ukivuka ni lazima uvuke na mizigo yote.

Kuvuka kwenyewe ni jambo jepesi. Ukiwa na saa ya Kiswahili kati ya saa moja na saa sita, ongeza sita. Ikiwa ni kati ya saa saba na saa kumi na mbili, toa sita. Kisha sema ni upande gani wa siku. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kiswahili husema "asubuhi", "mchana", "jioni", "usiku", na mtu akishasikia neno hilo hahitaji kingine. Kiingereza cha maandishi hutumia "a.m." kuanzia usiku wa manane hadi adhuhuri, na "p.m." kuanzia adhuhuri hadi usiku wa manane. Saa nane usiku kwa hiyo huandikwa "2 a.m.", ingawa kwetu hakuna anayeiita asubuhi. Barua ya yule kijana ilihitaji herufi mbili tu na tarakimu sahihi: "8 a.m." Ingekuwa fupi kama ile iliyoandikwa, na kijana angefika.

Ipo hatari nyingine pale zinapokutana sehemu mbili za siku. "12 a.m." na "12 p.m." huwachanganya hata Waingereza na Wamarekani wenyewe. Dawa yake ni kuandika "noon" au "midnight" na kuziacha tarakimu. Na kwa tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, "midnight on Friday" nayo ina mtego: ni usiku wa kuamkia Ijumaa au wa kuamkia Jumamosi? Hapa Kiswahili kimewazidi. Sisi tuna neno "kuamkia", linaloufunga usiku na siku inayoufuata, na mtangazaji wa redio akisema "usiku wa kuamkia Jumamosi" hakuna anayeuliza. Kiingereza hakina neno hilo. Andika "11:59 p.m. on Friday", nawe utakuwa umefunga mlango.

Jiografia ya huku kwetu inafanya jambo hili liwe zito zaidi. Saa ya Tanzania, Kenya na Uganda inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti kabisa katika nchi yetu. Unapita Somalia na kushuka baharini. Sisi wa ukanda wa Biharamulo na Ngara tuko karibu na nyuzi 31. Jua hutumia dakika 4 kuvuka kila nyuzi, kwa hiyo linatufikia karibu saa nzima nyuma ya mstari ule, na zaidi ya nusu saa baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Saa kumi na mbili asubuhi Kaniha bado ni giza. Jua huchomoza inapokaribia saa moja. Mtu wa pwani akituandikia "early in the morning" yeye anaona mwanga, na sisi tunaona tochi. Neno linategemea jua la aliyeandika, tarakimu haitegemei. Kwa hiyo, katika barua ya kuita watu, andika tarakimu.

Halafu upo mpaka. Ukishuka Rusumo ukavuka daraja la mto Kagera, unarudi nyuma saa moja, kwa kuwa Rwanda iko katika majira mengine. Ndivyo ilivyo pia ukivuka Kabanga kuingia Burundi upande wa Kobero. Tangu Rais Magufuli na Rais Kagame walipozindua kituo cha pamoja cha forodha Rusumo mwezi Aprili 2016, karatasi za pande mbili hukutana katika jengo moja. Barua pepe kutoka Kigali inayosema mzigo ukaguliwe "at 9:00" ina tafsiri mbili kwa karani wa Ngara: ni saa tatu ya kwetu, au ni saa tatu ya Kigali, ambayo kwetu ni saa nne? Maneno mawili, "Kigali time", yanamaliza mjadala. Ukweli wa maandishi mafupi ndio huu: ufupi unaopendeza ni ule uliobakiza kila kinachohitajika. Barua ya yule kijana ilikuwa fupi sana, na haikufaa.

Nije kwenye vihusishi, maana hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotutega bila sisi kujua. Neno "hadi", au "mpaka", hufanya kazi mbili. Tukisema "fanya kazi hadi Ijumaa", kazi inaendelea siku zote hizo. Tukisema "leta fomu hadi Ijumaa", tunataka fomu ifike siku yoyote, mradi Ijumaa isipite. Kiingereza kimezigawa kazi hizi: ya kwanza ni "until", ya pili ni "by". Mwanafunzi akiandika "Submit the form until Friday", msomaji wa Kiingereza anaona kitu kisichowezekana, kama kwamba fomu iletwe na kuletwa tena mpaka Ijumaa. "Submit the form by Friday" ni herufi chache na maana ni moja.

"Baada ya" nayo ina mtego. "Nitarudi baada ya siku mbili" tunaitafsiri "I will come back after two days", na inaeleweka, ingawa Kiingereza hupendelea "in two days". Taabu inaanza kwenye "kila baada ya siku mbili". Je, ni siku moja kunywa dawa na siku moja kupumzika, au ni siku mbili kamili katikati? Waandishi wetu hutafsiri "after every two days" na utata unahamia Kiingereza. Kama ni siku ya tatu, andika "every third day". Kama ni Jumatatu na Alhamisi, andika "on Mondays and Thursdays". Kutaja siku kwa majina yake hakujawahi kumpoteza mtu.

Chukua mfano ninaouona kila msimu wa mvua, maana malaria katika mkoa wetu haitaki utani. Dawa mseto ya ALu hutolewa kwa dozi sita ndani ya siku tatu. Ukihesabu kuanzia dozi ya kwanza, zinazofuata ni baada ya saa 8, 24, 36, 48 na 60. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti imeandikwa kwa hesabu hiyo ya muda. Sasa mama mwenye mtoto mgonjwa anaambiwa kwa Kiswahili: "mpe tena baada ya saa nane." Sentensi hiyo ina maana mbili kamili. Inaweza kuwa muda wa saa nane ukishapita, na inaweza kuwa saa nane mchana ikishapita. Kama dozi ya kwanza ilitolewa saa nne asubuhi, maana ya kwanza inampeleka saa kumi na mbili jioni, na ya pili inampeleka mchana uleule, saa nne tu baadaye.

Ndiyo sababu watu wa kawaida husema "masaa nane" wanapotaja muda na "saa nane" wanapotaja wakati. Walimu wa Kiswahili sanifu hulikata neno "masaa" kwa kalamu nyekundu, na kwa kanuni ya sarufi wako sahihi. Lakini mzungumzaji aliyelibuni alikuwa anatatua tatizo la kweli, na mimi namheshimu kwa hilo. Kiingereza kimelitatua kwa maneno mawili tofauti: "at eight o'clock" ni wakati, "for eight hours" ni muda. Mwanafunzi asiyeonyeshwa tofauti hiyo huandika "I waited for two o'clock" akimaanisha alisubiri saa mbili nzima, na msomaji anaelewa kwamba alikuwa anaisubiri saa nane ifike. Mhudumu wa afya anayeandika maelekezo kwa lugha yoyote kati ya hizi mbili naomba aandike saa ya kwenye ukuta: dozi ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili saa kumi na mbili jioni. Mama atajua la kufanya.

"Tangu" ni ndugu wa "hadi" katika kututega. Tunasema "niko hapa tangu miaka mitano", na Kiswahili kinastahimili. Tukiandika "since five years", Kiingereza hakistahimili. "Since" hutaka mahali muda ulipoanzia: "since 2019". "For" hutaka urefu: "for five years". Na palipo na mwaka uliokwisha, kitenzi hubadilika: "nimemaliza shule mwaka 2015" haiwi "I have finished", inakuwa "I finished school in 2015". Barua moja ya maombi ya kazi niliyoletewa ilikuwa na sentensi hii: "From the year of 2019 up to this present moment of time, I have been teaching since a period of five years." Mwandishi wake ni mwalimu mzuri, nimemwona darasani. Tuliketi chini ya mwembe, tukauliza swali moja: unataka mwajiri ajue nini? Akajibu: kwamba nafundisha, na kwamba nilianza 2019. Tukaandika: "I have taught since 2019." Maneno matano. Akayasoma kwa sauti, akacheka kwa raha, akaniuliza kama kweli yanatosha. Yanatosha.

Maneno ya ziada tuliyoyafuta pale hayakuzuka tu. Yalitoka katika Kiswahili cha ofisi, ambacho nacho kimenenepa. Tunaandika "mnamo majira ya saa mbili za asubuhi", na "majira ya" hapo haijaongeza chochote. Tunaandika "katika kipindi cha muda wa miezi mitatu", "kwa wakati huu tulio nao sasa", "katika siku ya Jumatatu". Kisha mkono ule ule ukishika Kiingereza unaandika "for a period of three months", "at this present moment in time", "8 a.m. in the morning". Waingereza wenyewe wana ugonjwa huo katika ofisi zao, tena sehemu yake tumeirithi kutoka kwao pamoja na mihuri na mafaili. Tiba inafanana kwa lugha zote mbili. "For three months" inatosha. "Now" inatosha. "8 a.m." tayari ni asubuhi.

Tarehe zina ugomvi wake. Sisi tunaanza na siku: 5/6 ni tano Juni. Mmarekani anaanza na mwezi, na kwake hiyo ni siku ya sita ya mwezi wa tano, yaani Mei 6. Mkulima wa ushirika anayeandikiana na mnunuzi wa kahawa wa Marekani anaweza kukosea kwa mwezi mzima bila yeyote kati yao kuandika kosa. Upo utaratibu wa kimataifa wa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kompyuta zinaupenda. Kwa barua ya mtu kwa mtu, njia iliyo salama kuliko zote ni kuutaja mwezi kwa jina lake: "5 June 2025". Usiandike "next Friday" kwa mtu ambaye hujui ataisoma lini. Na maneno yetu mazuri, "juzi", "kesho kutwa", "mtondo", tusiyalazimishe yaingie Kiingereza kwa "the other day", ambayo kwao ni siku yoyote iliyopita karibuni. Tukifika hapo, tutaje siku.

Nimeishi katika ukanda ambao sentensi moja ya wakati ilibeba msiba. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara, na taarifa za Umoja wa Mataifa zikaandika kwamba ilitokea ndani ya saa 24. "In 24 hours." Hayo tu. Aliyesoma London au Geneva alielewa mara moja kwa nini mahema hayakutosha na kwa nini maji yaliisha, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa uliozaliwa kwa usiku mmoja. Lau mwandishi angesema "over the course of a relatively short period of time", msiba ule ungepungua uzito kwenye karatasi, na labda magari ya misaada yangechelewa kuwashwa. Muda uliotajwa kwa usahihi huwafanya watu wasimame.

Basi nina maombi, na ninayasema kwa dhati. Walimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza, tumieni vipindi viwili vizima kwa kuvuka kutoka saa yetu kwenda saa yao, na muwape wanafunzi barua za kweli wazisahihishe: tangazo la mkutano, ratiba ya basi, maelekezo ya dawa. Wakuu wa ofisi, kabla hamjapiga muhuri, ulizeni kila barua maswali matatu: siku gani, saa ngapi, ya upande gani wa siku. Na kama barua inakwenda kijijini, andikeni saa zote mbili kwa mstari mmoja, "8 a.m., saa mbili asubuhi". Mstari huo haugharimu wino wa kuhesabika.

Na wewe msomaji, barua yoyote utakayoiandika wiki hii, kabla hujaituma isome kama mtu wa Kaniha atakayeamka saa kumi alfajiri, gizani, kwa ajili ya neno lako. Kijana wa jirani yangu bado ana ile bahasha ya kaki, na bado anaomba kazi.